Mpwapwa: Mto, Njia na Ngome

Katika nchi ya Ugogo, upande wa mashariki, upo mji mdogo uitwao Mpwapwa. Umekaa chini ya milima ya Kiboriani, kando ya mto wa mchanga. Mtu apitaye upesi huona mji kama miji mingine mingi ya bara: maduka, shule, mifugo, na vumbi jekundu wakati wa kiangazi. Lakini katika karne ya kumi na tisa jina la Mpwapwa lilitajwa Bagamoyo na Unguja, likaandikwa pia katika vitabu vilivyosomwa London na Berlin. Wafanyabiashara walitua hapo, wamisheni wakajenga, na askari wakasimamisha ngome ya mawe. Baadaye ngome ikapoteza kazi yake, na njia kuu ikahamia mahali pengine. Mji wenyewe haukufa. Somo hili laeleza kwa nini ulikua, kwa nini ngome ilijengwa, na ni kitu gani kilichobaki wakati ngome ilipokwisha kazi.

1. Mto wa mchanga

Mto wa Mpwapwa si kama Rufiji, ambao una maji mwaka mzima. Wakati wa mvua hushuka kutoka milimani kwa kishindo, ukileta matope na magogo. Mvua ikikoma, baada ya miezi michache juu yake huonekana mchanga mtupu. Mgeni asiyeijua nchi aweza kusimama katikati ya mto wa namna hiyo, ana kiu, naye akadhani kwamba hapana maji. Lakini mwenyeji hufukua mchanga kwa mikono, akangoja kidogo, na maji hujikusanya taratibu chini ya shimo. Kisha huyateka kwa kibuyu, akajaza mtungi wake. Mchanga umeyafunika maji yasikaushwe na jua, kama vile mfuniko wa chungu uzuiavyo mvuke.

Katika Ugogo jambo hili ni kubwa. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na sehemu nyingi za nchi hupata milimita 500 hadi 700 tu kwa mwaka. Miezi iliyosalia ni ya kiangazi. Wagogo hupanda uwele na mtama kwa kuwa nafaka hizo huvumilia ukame, nao walizijenga tembe zao kwa miti na udongo, zenye paa la bapa. Mwaka ambao mvua hukosa, njaa huingia. Basi mahali penye maji chini ya milima, ambapo kisima hakikauki upesi, palikuwa hazina.

Tena upande wa magharibi wa Mpwapwa nchi hugeuka kuwa kali. Mahali pa kwanza ni Chunyo, na jina lenyewe latosha kueleza, maana maji ya huko yana chumvi. Baada ya Chunyo lilianza pori ambalo watu wa misafara waliliita Marenga Mkali. Kwa Kigogo malenga ni maji, basi maana ya jina hilo ni maji makali. Pori hilo lilikuwa mwendo wa zaidi ya maili 30, na wakati wa kiangazi halikuwa na maji ya kunywa. Mtu aliyekwenda magharibi alipaswa kuujaza mtungi wake Mpwapwa. Na mtu aliyetoka magharibi, akiwa hai baada ya pori lile, alipata maji matamu ya kwanza Mpwapwa. Mji ulianza kwa sababu hiyo.

2. Njia ya misafara

Kabla ya reli na magari, bidhaa zote za bara zilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Njia kubwa kuliko zote ilianza pwani, Bagamoyo au Saadani, ikapita Usagara, Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka huko ikaenda Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30, mbali na chakula chake, mkeka wake na sufuria yake. Kutoka bara walileta pembe za ndovu. Kutoka pwani walileta nguo, ushanga, masango ya shaba, bunduki na baruti. Na katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, waliopelekwa pwani kuuzwa kama bidhaa. Habari za njia hii haziwezi kuelezwa kwa haki pasipo kuwataja hao.

Msafara ulipofika Mpwapwa ulipumzika siku kadhaa. Watu walinunua nafaka, mbuzi na kuku, wagonjwa waliuguzwa, mizigo ilifungwa upya. Kisha kirangozi, ndiye mtu aliyetangulia mbele ya wote, alitoa amri ya kujaza vibuyu. Ili kulivuka Marenga Mkali watu hawakuondoka alfajiri kama desturi. Walipika na kunywa maji kwanza, wakaondoka saa za mchana, wakaenda mpaka usiku, wakalala porini bila kuteka maji. Kabla ya jua kupanda waliondoka tena, wapate kufika kwenye visima vya Ugogo kabla kiu haijawashinda. Mwendo wa namna hiyo waliuita terekeza. Mpagazi aliyekunywa maji yake yote jioni ya kwanza aliteseka siku ya pili. Kwa hiyo kila mtu alijifunza kuyahesabu maji yake.

Mwaka 1871 Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alipita Mpwapwa alipokwenda kumtafuta Dr. Livingstone. Aliandika kwa furaha kwamba baada ya njia ngumu alipata hapo maziwa, mayai, nyama, asali na maharagwe. Lakini Mpwapwa palikuwa pia mahali pa huzuni. Mzungu mmoja wa msafara wake, jina lake Farquhar, alikuwa mgonjwa sana asiweze kuendelea. Stanley alimwacha hapo mikononi mwa mkubwa wa kijiji, naye akafa baada ya siku chache. Stanley aliporudi mwaka 1872 alirundika mawe mahali pale kuwa ukumbusho. Wengine wengi walikufa katika njia hiyo, wapagazi hasa, nao hawakurundikiwa mawe wala majina yao hayakuandikwa.

3. Hongo ya Wagogo

Wasafiri wengi, Waarabu na Wazungu, waliandika vitabu na barua wakiwalaumu Wagogo kwa sababu ya hongo. Hongo ilikuwa ushuru: kila mtemi ambaye msafara ulipita katika nchi yake alidai nguo kadhaa, ushanga au masango. Msafara uliokataa kulipa haukuruhusiwa kuteka maji wala kununua chakula. Wasafiri waliona kwamba huo ni unyang'anyi.

Lakini na afikiri mtu jambo hili kwa upande wa wenyeji. Visima vilichimbwa na wenyeji, tena kwa taabu. Msafara mkubwa ulikuwa na watu mia tano, au hata elfu moja. Ukifika kijijini mwezi wa Oktoba, wakati visima vinapokaribia kukauka, uliweza kunywa kwa siku mbili maji ambayo yangalitosha wanakijiji na ng'ombe wao kwa siku nyingi. Tena wageni hao walikula nafaka iliyowekwa akiba kwa mwaka wa njaa. Basi mtemi alipodai nguo alikuwa akiuza kitu kilichokuwa na thamani kuliko nguo. Mara nyingine watemi walidai kupita kiasi, na mara nyingine wasafiri walidanganya. Lakini asili ya hongo ilikuwa hii, kwamba maji yana wenyewe.

Wala desturi hii haikuwa ya Ugogo peke yake. Katika Ujerumani upo mto mkubwa uitwao Rhine, na tangu kale merikebu za biashara zilipita humo. Kandokando yake wakubwa wa nchi walijenga ngome nyingi, na vijiji vidogo vikakaa chini ya ngome hizo. Kimoja chaitwa Kaub. Katikati ya mto, mbele ya kijiji hicho, mfalme Ludwig wa Bavaria alijenga mnara wa mawe mnamo mwaka 1327, nao waitwa Pfalzgrafenstein. Kazi yake ilikuwa kuwatoza ushuru wenye merikebu. Mnyororo ulizuia njia ya maji, na nahodha hakupita mpaka alipe. Desturi hiyo iliendelea kwa miaka zaidi ya 500, ikakoma katika miaka ya 1860. Mnara ungalipo hata leo, na wageni huenda kuutazama.

Basi kabila la watu wenye mto na kabila la watu wenye visima walitenda jambo moja. Waliishi penye njia ambayo wengine hawana budi kuipita, wakaweka mlango hapo. Tofauti ni kwamba Wajerumani walijenga mlango wao kwa mawe.

4. Wageni waliokaa

Mpaka mwaka 1876 wageni walikuja Mpwapwa wakaondoka. Mwaka huo walianza kuja wageni waliotaka kukaa. Chama cha wamisheni wa Kiingereza, C.M.S., kilikuwa kinapeleka watu Buganda kwa Kabaka Mutesa. Njiani waliona kwamba Mpwapwa, penye maji na chakula, pangefaa kuwa kituo. Kazi hiyo ilipata nguvu mwaka 1878, na mmoja wa waliokuja wakati huo alikuwa daktari, jina lake Baxter. Kituo kingine kikajengwa karibu, mahali paitwapo Kisokwe.

Katika miaka hiyo hiyo watu walijaribu kuiondoa mizigo vichwani mwa wapagazi na kuitia katika magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama ilivyokuwa desturi ya Afrika ya Kusini. Mwaka 1876 Roger Price, mmisheni wa chama kingine cha London, alitoka Saadani na ng'ombe wanne akafika nao Mpwapwa wakiwa wazima. Wengi walifurahi. Mwaka 1877 Alexander Mackay wa C.M.S. alisimamia watu kukata miti na kusawazisha njia ya magari kutoka Saadani hata Mpwapwa, umbali wa maili 230. Lakini ng'ombe walioletwa wakakokota magari walikufa mmoja baada ya mmoja, maana njia ilipita katika mapori yenye mbung'o, na mbung'o huleta ugonjwa wa nagana. Magari yakaachwa njiani, na mizigo ikarudi mabegani mwa Wanyamwezi. Njia ilikatwa vizuri, ikashindwa na mdudu mdogo kuliko ukucha.

5. Ngome

Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani iliipa kampuni moja ya Kijerumani hati ya kutawala sehemu za bara. Mwaka 1887 kampuni hiyo iliweka kituo chake Mpwapwa. Sababu yake ni nyepesi kueleza: mwenye kuishika Mpwapwa aliona kila pembe iliyoshuka kutoka Tabora na kila bunduki iliyopanda kutoka pwani.

Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ilianza kutawala miji ya pwani na kutoza ushuru wake, kwa mapatano na Sultani wa Unguja. Watu wa pwani hawakukubali. Vita vikaanza, na mmoja wa viongozi wakubwa wa upande wao alikuwa Abushiri bin Salim. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann pamoja na askari, wengi wao wakiwa watu wa Sudan na wengine kutoka Msumbiji. Mwezi wa Mei 1889 Wissmann aliiteka boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri akatoroka, akaenda bara, na mwezi wa Juni akakishambulia kituo cha Mpwapwa. Mjerumani mmoja aliuawa, mwenziwe akakimbilia pwani, na kituo kikaharibiwa. Nyumba za misheni pia ziliharibiwa.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Wissmann mwenyewe alifika Mpwapwa na askari wake. Hakutaka tena kituo cha miti na udongo. Aliamuru ijengwe ngome yenye ukuta wa mawe, mahali palipoinuka, ili askari waone njia yote. Jenga lilikuwa halijakwisha wakati Stanley alipofika tena, tarehe 10 Novemba 1889, akirudi kutoka Ikweta pamoja na Emin Pasha na mamia ya watu wao. Alimkuta Luteni Rochus Schmidt akisimamia kazi. Mahali ambapo miaka 18 mbele yake Stanley alimwacha mgonjwa wake chini ya ulinzi wa mkubwa wa kijiji, sasa palikuwa na askari na bendera ya Ujerumani. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Tangu hapo mlango wa njia ulikuwa mikononi mwa wenye ngome. Tangu mwaka 1891 nchi ilitawaliwa na serikali ya Ujerumani yenyewe, si kampuni. Katika miaka hiyo pia Ugogo uliingiliwa na sotoka, na ng'ombe wengi wakafa. Wagogo, ambao utajiri wao ulikuwa ng'ombe, walidhoofika wakati ule ule walipopata bwana mpya. Watemi walikatazwa kutoza hongo, na wasafiri walishukuru. Lakini mwaka 1898 serikali ilianza kutoza kodi ya nyumba. Basi ushuru haukukoma. Zamani mgeni alimlipa mwenyeji kwa ajili ya maji. Sasa mwenyeji alimlipa mgeni kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe.

6. Reli yapita kando

Ngome ya Mpwapwa ilikuwa na nguvu kwa sababu ya mahali pake, na mahali pale palikuwa na maana kwa sababu ya njia. Hakuna aliyefikiri kwamba njia yenyewe yaweza kuhama.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1907 ilifika Morogoro. Kutoka Kilosa ilifuata bonde la mto Mkondoa, maana gari la moshi haliwezi kupanda mlima kama mpagazi apandavyo. Kwa sababu hiyo haikufika Mpwapwa. Ilipita Gulwe, upande wa kusini, mwendo wa saa chache kwa miguu. Mwaka 1910 ilifika Dodoma, mwaka 1912 Tabora, na mwaka 1914 Kigoma.

Mara mambo yakabadilika. Gari la moshi halikuhitaji kupumzika siku tatu kabla ya Marenga Mkali. Pori lililowatisha wapagazi lilivukwa kwa muda mfupi, na abiria wamelala. Misafara ikapungua, kisha ikakoma. Wafanyabiashara wakahamia kwenye stesheni. Dodoma, ambayo zamani haikuwa na sifa katika njia ya misafara, ikakua kuwa mji mkubwa wa nchi yote ya kati. Jambo kama hilo liliipata Kilimatinde, kituo kingine cha Wajerumani, kilichojengwa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa magharibi ya Ugogo. Reli ilikipita kando, na Manyoni ikakua badala yake.

Vita Kuu vilipofika, ngome ya Mpwapwa haikuweza kumzuia adui. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Waingereza na Afrika ya Kusini yaliingia Dodoma, na mwezi wa Agosti yakaingia Mpwapwa baada ya mapigano mafupi. Tangu ukuta wa mawe ulipoanza kujengwa mpaka siku hiyo ilikuwa miaka 27 tu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kujengwa kwake alikuwa bado kijana.

Wenyeji ndio walioumia zaidi. Majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe wao, na wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita. Mvua ikakosa, na njaa kubwa ikaja katika Ugogo kuanzia mwaka 1918 mpaka 1920. Wagogo waliiita Mtunya. Watu wengi sana walikufa.

7. Mlinzi wa mji

Mtu angeweza kudhani kwamba baada ya hayo Mpwapwa palibaki magofu. Haikuwa hivyo. Maji yalikuwapo, na milima ilikuwapo. Mwaka 1905 Wajerumani walikuwa wameanzisha hapo kazi ya kuchunguza magonjwa ya mifugo, na serikali ya Kiingereza iliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1926 kilifunguliwa chuo cha walimu, na vijana waliofunzwa hapo walikwenda kufundisha sehemu nyingi za nchi. Wataalamu wa mifugo walizalisha kwa subira ng'ombe wa namna mpya, kwa kuchanganya zebu wa nchi na ng'ombe wa asili ya Bara Hindi, wa Boran na wa Ulaya, ili wapate maziwa mengi bila kushindwa na ukame. Ng'ombe hao huitwa Mpwapwa hata leo. Jina ambalo zamani lilikuwa la kituo cha misafara sasa ni la ng'ombe anayejulikana katika vitabu vya mifugo.

Lakini kazi moja iliyofanywa Mpwapwa katika miaka ya 1930 yafaa kukumbukwa kuliko nyingine, ingawa haikuwa na kishindo. Wataalamu walipima vipande vya ardhi penye mteremko. Kipande kimoja waliacha kichaka chake, kingine waliacha majani, kingine walilima, na kingine walikwangua kabisa kikawa kitupu. Chini ya kila kipande waliweka mahali pa kukinga maji na udongo ulioteremka wakati wa mvua, wakapima mwaka hata mwaka. Katika kipande chenye kichaka, karibu mvua yote iliingia ardhini. Iliyoteremka haikufika sehemu moja katika mia. Katika kipande kitupu karibu nusu ya mvua ilikimbia, nayo ilichukua udongo mwingi.

Maana yake ni nini kwa mji uliokaa kando ya mto wa mchanga? Mvua ikiingia ardhini milimani, hushuka polepole chini ya udongo, na mtu afukuaye mchanga mwezi wa Septemba hupata maji. Mlima ukikwanguliwa, miti ikikatwa yote na mbuzi wakala hata mizizi, mvua ile ile hukimbia kwa siku moja. Leo huleta mafuriko, kesho huacha kiu. Mto wa Kinyasungwe na Mkondoa, ambao hupokea maji ya nchi hizi, umeikata reli mara nyingi baina ya Kilosa na Gulwe. Mwishoni mwa mwaka 1997, na tena mwishoni mwa mwaka 2009, maji yaliharibu njia, magari ya moshi yakasimama. Kazi ya mawe na chuma ilishindwa na maji ambayo milima haikuyashika.

Wengine hawakulisikia somo hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga Kongwa, upande wa pili wa milima ya Kiboriani. Mashine nyingi zililetwa, na mapori yakafyekwa. Lakini mvua haikutosha, na udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na fedha zilizopotea zilikuwa paundi milioni 36 hivi. Mzee yeyote wa Kigogo aliyelima uwele angeweza kuwaambia habari za mvua ya nchi yake, kama angaliulizwa.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya Tanzania, na tangu mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia huko kwa nguvu. Mji huo hukua kila mwaka, nao huhitaji maji mengi. Mpwapwa ni mji wa wilaya katika mkoa huo wa Dodoma. Chuo cha walimu kipo, na kituo cha utafiti wa mifugo kipo. Mto wa mchanga upo, nao hushuka kila masika kutoka Kiboriani.

Wagogo waliulinda mlango kwa hongo, kampuni kwa bunduki, na askari wa Wissmann kwa ukuta wa mawe. Kila mmoja aliondolewa zamu yake. Kisima hakikuondolewa, maana kazi yake haikutegemea bendera. Lakini kisima nacho chaweza kufa, kisiuawe na adui wa mbali, bali na shoka na moto wa watu wake wenyewe. Kwa hiyo mlinzi wa kweli wa Mpwapwa si yule aliyesimama zamani juu ya ukuta akiitazama njia. Ni mtu apandaye mti penye mteremko, na mchungaji awazuiaye mbuzi wake wasikwangue kilima.

Maswali

1. Kwa nini misafara ilipumzika Mpwapwa kabla ya kwenda magharibi?
2. Eleza maana ya terekeza. Kwa nini watu hawakuondoka alfajiri?
3. Hongo ilikuwa nini? Toa sababu za wasafiri za kuilaumu, na sababu za wenyeji za kuitoza.
4. Linganisha mnara wa Kaub na visima vya Ugogo. Vinafanana kwa jambo gani, na vinatofautiana kwa jambo gani?
5. Kwa nini magari ya ng'ombe yalishindwa katika mwaka 1877?
6. Reli iliidhuruje Mpwapwa, nayo iliisaidiaje Dodoma?
7. Katika kijiji chako maji hupatikana wapi wakati wa kiangazi? Waulize wazee kama zamani yalikuwa mengi zaidi au machache zaidi, na sababu yake ni nini. Andika majibu yao katika daftari.